UZI: LED ing'ae zaidi bila kuongeza umeme, tuongee saketi, joto na skrini

Fundi Nuru

Habari zenu wakuu,

Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalimwaga lote hapa na anayejua zaidi aongezee. Kila anapotokea mtu anauliza "nifanyeje LED yangu iwake zaidi" jibu la kwanza analopewa ni ongeza mkondo, weka rezista ndogo, pandisha volti. Anafanya hivyo, kweli inang'aa, anafurahi, halafu baada ya muda inaanza kufifia, inageuka rangi, inakufa. Tunaishia kusema LED za siku hizi feki. Feki zipo, sikatai, ila nyingi zinakufa kwa kusukumwa kuliko uwezo wake, na mara nyingi zimeanza kusukumwa huko huko kiwandani kabla hazijafika mkononi kwako.

Msimamo wangu ni huu: mwanga wa ziada usiutafute kwenye mkondo, utafute pale umeme unapopotea. Na unapopotea pako pengi.

Tuanze na namba kidogo. Balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60, ilikuwa inatoa lumeni 800 hivi (lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka). Ukigawa unapata kama lumeni 13 kwa kila wati, zilizobaki zote joto. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa hizo hizo 800, yaani karibu 89 kwa wati. Hapo tulifikishwa na LED ya bluu, kazi ya Akasaki, Amano na Nakamura ambayo iliwapa Nobeli ya fizikia 2014, kwa sababu LED nyeupe tunazotumia kwa kweli ni chipu ya bluu imefunikwa na fosfori ya njano, unga unaogeuza sehemu ya bluu kuwa njano. Sasa wengi wanadhani hiyo 89 ndio mwisho wa reli. Mwaka 2016 Philips walitoa taa inaitwa Dubai Lamp, lumeni 200 kwa wati, ile ya wati 3 inatoa lumeni 600. Hawakutumia maajabu yoyote, waliweka LED nyingi kuliko kawaida halafu kila moja wakaipa mkondo mdogo. Basi. Siri yote iko hapo na ndio maana nimeamua kuandika.

Kwa nini mkondo mdogo unasaidia? Ndani ya chipu elektroni inakutana na tundu (nafasi iliyokosa elektroni), zinaungana, mwanga unatoka. Ukizisukuma nyingi mno kwenye eneo dogo, nishati ya muungano inadakwa na elektroni ya tatu iliyo jirani badala ya kutoka kama mwanga, inaishia kuwa joto. Kwa hiyo ukiongeza mkondo mara mbili mwanga hauongezeki mara mbili. Halafu na volti nayo inapanda, LED nyeupe ndogo kwenye miliampia 60 inaweza kuwa volti 2.8 hivi, ifikishe 150 inavuka 3. Chembe ya mwanga wa bluu wa nanomita 450 inabeba elektronivolti 2.76 tu, kwa hiyo volti yote inayozidi hapo unailipia na huipati kama mwanga. Unapoteza mara mbili kwa wakati mmoja, mwanga kwa kila elektroni unapungua na bei ya kila elektroni inapanda.

Chukua LED 10 zinazofanya kazi kwenye mkondo wake wa juu kabisa, weka 20 kwenye nusu ya mkondo huo, wati zinakuwa pungufu kidogo na mwanga unakuwa mwingi zaidi. Hilo peke yake ni zaidi ya ujanja wote wa draiva (saketi inayoilisha LED mkondo) nitakaouongelea huko chini.

La pili ni joto. LED nzuri nyeupe inageuza karibu nusu tu ya umeme kuwa mwanga, nusu nyingine ni joto ambalo halirushwi hewani kama la balbu ya waya, linabaki kwenye chipu na lazima litolewe kwa kupitia bodi. Chukua ile LED pana ya wati 10, joto lake tuseme wati 6. Hitisinki (bati la kutolea joto) yenye upinzani wa joto wa nyuzi 10 kwa wati itapanda nyuzi 60 juu ya hewa, hewa ikiwa 30 tayari uko 90 kwenye bati tu, chipu yenyewe iko juu zaidi. Badilisha hitisinki iwe ya nyuzi 5 kwa wati unashuka hadi 60. Mwanga unaongezeka bila kugusa saketi, na umri unarefuka.

Unataka kujua chipu yako ina joto kiasi gani na huna kipimajoto cha maana? Weka multimita moja kwa moja kwenye miguu ya LED, soma volti sekunde ile ile unapowasha ikiwa ya baridi. Tuseme inasoma 3.05. Iache iwake hadi namba itulie, tuseme imeshuka 2.95 na mkondo ni ule ule. Volti ya LED inashuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi joto (datashiti ya LED yako, yaani karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, itakupa namba yenyewe), kwa hiyo milivolti 100 ni nyuzi 50 za kupanda. LED yenyewe ndio kipimajoto chako. Sharti moja tu, draiva iwe inashika mkondo, ikiwa ni rezista mkondo utabadilika na hesabu itakudanganya. Na hii fanya kwenye saketi za volti ndogo tu, sio ndani ya balbu iliyochomekwa ukutani.

Nije kwenye saketi sasa maana huko ndiko kwenye ubishi. Rezista. Watu wengi wana betri ya volti 12 na LED tatu nyeupe kwenye mstari mmoja, jumla volti 9, zile 3 zinazobaki zinaliwa na rezista. Ufanisi ni 75 kwa 100 na kwa taa ndogo mimi sina ugomvi nayo. Lakini nimeona mtu anaweka LED moja moja kwenye volti 12, kila moja na rezista yake, hapo robo tatu ya umeme wako inapasha rezista. Halafu kuna tatizo la pili ambalo watu hawalioni, betri ya volti 12 haiko 12 muda wote, ikiwa inachajiwa inaweza kufika 14.4 na ikikaribia kuisha iko 11. Piga hesabu ya haraka kwa LED tatu za miliampia 350, rezista ni omu 8.6. Kwenye 14.4 mkondo unakimbilia miliampia 630, kwenye 11 unaanguka 230. (Kwa uhalisia LED inajirekebisha kidogo lakini picha ndiyo hiyo.) Yaani wakati wa kuchaji unaichoma na usiku betri inapochoka ndio unakosa mwanga. Hapo draiva ya koili inajilipa yenyewe hata kabla hujahesabu ufanisi.

Nitaendelea na draiva chini, niulizeni.

mtundu_wa_volti

Mkuu umeongea vizuri ila mimi sikubaliani na hilo la kuongeza idadi ya LED. Bodi ina nafasi ndogo, mtu ana tochi, lenzi moja, chipu moja. Hapo ataweka wapi LED 20? Kwenye tochi unasukuma mkondo tu hakuna namna.

Fundi Nuru

Uko sahihi kwa tochi. Tochi inataka mwanga utoke kwenye nukta ndogo ili lenzi iupeleke mbali, ukitandaza LED nyingi mwale unapanuka na umbali unaupoteza. Huko unasukuma lakini unasukuma kwa akili: bodi ya shaba ambayo chipu imelehemiwa moja kwa moja kwenye shaba bila tabaka la plastiki katikati, halafu mwili mzima wa tochi uwe ndio hitisinki. Na watu watofautishe lumeni na kandela. Zile LED za miguu miwili zinauzwa zimeandikwa milikandela 20,000 watu wanadhani ni jua, kumbe mwanga ni kidogo umebanwa kwenye pembe nyembamba. Kandela inakwambia ukali kwa upande mmoja, lumeni inakwambia jumla ya mwanga wote uliotoka.

Kwa taa ya chumba, taa ya dawati, skrini, hoja yangu inasimama pale pale.

Koili_Kubwa

Naweka kambi hapa 🏕️

Fundi umesema draiva ya koili inajilipa, naomba ufafanue. Mimi nilitengeneza ya kushusha volti kutoka 12 kwenda LED moja ya volti 3, nikapima ufanisi ukaja 80 na kidogo. Datashiti ya IC (kile kichipu kinachoendesha draiva) inaahidi 95. Nani ananiibia hiyo 15?

Fundi Nuru

Swali zuri sana hili mkuu na jibu lake lipo kwenye dayodi.

Draiva ya kushusha inafanya kazi hivi, swichi ikifunga (ikiwaka) mkondo unaingia kwenye koili, swichi ikifungua (ikizima) mkondo wa koili unaendelea kuzunguka kupitia dayodi. Ukishusha 12 kwenda 3, swichi inafunga robo tu ya muda, robo tatu yote mkondo unapita kwenye dayodi. Hata ukiweka Schottky nzuri (dayodi inayokula volti kidogo) inakula volti 0.45 hivi. Zidisha kwa robo tatu unapata wastani wa 0.34, na wewe unachotaka kutoa ni 3 tu, yaani zaidi ya sehemu 10 kwa 100 imekwenda kwenye dayodi peke yake. Ongeza rezista ya kupimia mkondo inayokula 0.2, ongeza upinzani wa waya wa koili, hiyo 15 umeshaipata.

Ile 95 ya datashiti walipimia LED nyingi kwenye mstari. Sasa wewe weka LED tatu mfululizo badala ya moja, volti ya kutoka inakuwa 9, dayodi inafanya kazi robo tu ya muda, hasara yake inashuka hadi kama 0.11 ya volti ukilinganisha na 9. Karibu haionekani. Kanuni ninayoishi nayo mimi: volti ya LED zako iisogelee volti ya chanzo kadiri draiva inavyoruhusu, isipokuwa uwe na sababu nyingine ya kufanya tofauti.

Ikiwa lazima iwe LED moja basi tafuta IC inayotumia transista badala ya dayodi. Transista ya miliomu 20 kwenye miliampia 350 inakula milivolti 7. Linganisha na 450 za dayodi.

Na koili usichukue yoyote iliyo karibu kwenye droo. Angalia vitu viwili, upinzani wa waya wake na mkondo unaojaza kiini chake. Kiini kikijaa koili inaacha kuwa koili, mkondo unaruka ghafla, IC inapata moto na wewe unatafuta mchawi kwenye LED.

Kiloomu

Dayodi tena! Nimekuwa nahangaika na jambo hilo hilo kwenye taa za sola. Asante fundi.

Dada Elektro

Habari. Mimi naomba niongezee upande wa balbu za kawaida za umeme wa ukutani maana wengi humu ndizo walizonazo. Ukifungua balbu nyingi za bei nafuu utakuta hakuna koili kabisa. Kuna daraja la dayodi nne, kapasita moja, IC ndogo ya aina ya mstari (linear) na LED nyingi mfululizo. Umeme wa volti 230 ukishalainishwa kilele chake ni kama 325, LED zinachukua sehemu kubwa na IC inakula iliyobaki kama joto, tena IC hiyo imekaa kwenye bodi ile ile ya alumini na LED, kwa hiyo joto lake linazirudia LED.

Pembeni ya hiyo IC mara nyingi kuna rezista mbili ndogo zimekaa sambamba, hizo ndio zinapanga mkondo. Ukiondoa moja, upinzani wa jumla unapanda na mkondo unashuka. Zikiwa sawa mkondo unashuka nusu kamili, ila mwanga haushuki nusu, kwa sababu zile ambazo fundi ameeleza juu, chipu inakuwa na ufanisi zaidi na imepoa. Balbu iliyokuwa inaunguza mkono unaishika vizuri tu. Mimi balbu zinazowaka usiku kucha zote nazifanyia hivyo.

Tahadhari jamani, hii ni umeme wa ukutani na hakuna transfoma ya kututenganisha nao, kila kitu kwenye bodi hiyo kinaweza kukuua. Chomoa kabisa, acha kapasita ijimalize, hakikisha kwa multimita kabla ya kugusa. Na usichanganye rezista hizo na ile kubwa inayomaliza chaji ya kapasita, hiyo usiiguse. Soma namba ya IC, tafuta datashiti yake, ndio uguse. Kama huna uzoefu mwachie mwenye nao.

Fundi Nuru

Dada Elektro umemaliza, nimependa sana mchango huu. Nami niongeze juu ya jicho kwa sababu watu wanaogopa kupunguza mkondo wakidhani wataishi gizani. Jicho haliko kama mita. Mwanga ukibaki 18 kwa 100 ya ule wa mwanzo, jicho linasema umebaki nusu. Ukipunguza mwanga kwa sehemu 20 kwa 100 jicho linaona upungufu wa kama 8, na usipokuwa na taa nyingine ya kulinganishia hapo hapo hutagundua kabisa. Kwa hiyo kuna nafasi kubwa ya kuokoa umeme na kurefusha umri ambayo macho yetu hayaidai.

Na kapasita ile moja kwenye balbu, yenye kimiminika cha elektroliti ndani, kila joto likishuka nyuzi 10 umri wake unakadiriwa kuongezeka mara mbili. Taa nyingi "zilizokufa" LED zake ni nzima, kapasita ndio imekauka, na dalili yake ya kwanza ni taa kuanza kumeta.

mtundu_wa_volti

Sawa sasa nimeanza kuelewa. Ila swali, kupunguza kwa PWM si ni kitu kile kile? Nawasha nusu ya muda nazima nusu ya muda, wastani wa mkondo ni nusu, rahisi kuliko kubadilisha rezista.

Fundi Nuru

Hapana mkuu, na hapa wengi wanapotea. Kwenye PWM LED ikiwaka inawaka kwa mkondo ule ule mkubwa, ule wenye ufanisi mbovu, halafu inazimwa. Unapata nusu ya mwanga kwa nusu ya umeme, hujaokoa chochote kwa upande wa chipu, ni joto tu limepungua pamoja na umeme. Ukishusha mkondo wenyewe unapata zaidi ya nusu ya mwanga kwa chini ya nusu ya umeme.

PWM ina sehemu yake. LED nyeupe ukishusha mkondo sana rangi inahama kidogo, na kwenye skrini ambako rangi lazima ibaki pale pale PWM haina mpinzani. Pia kwenye mkondo mdogo kabisa LED za mstari mmoja zinaanza kutofautiana, hii inawaka ile imezima, PWM inaondoa hilo. Hivyo kwa taa nzuri unashusha mkondo hadi kama sehemu ya kumi halafu chini ya hapo ndio unaingiza PWM. Na iwe ya kasi, hertizi elfu kadhaa, watu wengine wanaumwa vichwa na taa zinazometa hata kama hawaoni kwa macho.

Panelipana

Wakuu mmeongea taa tu, skrini je? Nina skrini ya matangazo ya paneli za rangi, milimita 10 kati ya nukta na nukta. Mchana jua likiwaka matangazo hayaonekani, na mwisho wa skrini upande wa kulia nyeupe inakuwa ya pinki. Pawa saplai zote ni nzima nimepima zinatoa 5. Nyaya pia ni zile zile zilizokuja na paneli.

Fundi Nuru

Ahaa. Pinki upande wa mbali, hiyo karibu najua ni nini kabla sijaiona. Usipime kwenye pawa saplai, pima kwenye kituo cha umeme cha paneli ya mwisho, skrini ikionyesha nyeupe yote. Nakuhakikishia hutakuta 5.

LED nyekundu inataka volti kama 2, kijani na bluu zinataka kama 3. Volti ikianguka kwenye nyaya, za bluu na kijani ndio zinalegea kwanza, nyekundu bado ina akiba kubwa, ndio maana nyeupe inakuwa pinki. Tuseme paneli moja inakula ampia 4 na waya wako kwenda na kurudi una omu 0.1, umeshapoteza 0.4 ya volti, na ukiunganisha paneli ya pili kwa kupitia ya kwanza hasara inarundikana. Weka pawa saplai nyuma ya paneli zenyewe, nyaya fupi na nene, na umeme uingie sehemu nyingi badala ya upande mmoja. Usipandishe skrubu ya pawa saplai ili kufidia, paneli za karibu zitaumia.

Halafu hiyo tofauti ya volti ina hasara nyingine kubwa ambayo huwezi kuirekebisha kwa waya. Paneli za kawaida rangi zote tatu zinalishwa volti 5. Nyekundu inatumia 2, zile 3 zinaliwa na IC ya draiva kama joto. Yaani sehemu 60 kwa 100 ya umeme wa nyekundu haifiki kwenye LED! Bluu na kijani zinapoteza 40. Ndio maana paneli mpya za kuokoa umeme zinatumia kathodi ya pamoja (LED zinaungana upande wa hasi), hivyo nyekundu inapewa chanzo chake cha kama 2.8, bluu na kijani kama 3.8. Hasara inashuka hadi chini ya 30 kwa nyekundu na karibu 20 kwa hizo mbili. Paneli zinapoa, na paneli iliyopoa inang'aa zaidi, hasa nyekundu kwa sababu LED nyekundu ndio inaogopa joto kuliko hizo nyingine.

Kuhusu jua: angalia paneli zako zinachanganua mistari mingapi, yaani mistari mingapi inapokezana kuwaka. Ya moja kwa nne kila mstari unawaka robo ya muda, ya moja kwa kumi na sita kila mstari unawaka sehemu moja ya kumi na sita, na ili mwanga ulingane lazima LED zisukumwe kwa mapigo makali na tumeshaona mapigo makali yanavyofanya. Paneli za nje zinazopigwa na jua zinataka niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 5,000 kwenda juu, paneli ya ndani yenye 800 hata uifanyeje haiwezi. Kama zako ni za ndani umewekewa bidhaa isiyo yake.

Kingine, weka kihisi cha mwanga. Skrini ya niti 5,000 usiku inaumiza macho ya wapita njia, niti mia chache zinatosha kabisa, umeme unaookoa ni mwingi sana.

Panelipana

Nimepima mkuu. Pawa saplai 5.02, paneli ya mwisho 4.31. Nimeshangaa. Naanza na nyaya kesho. Paneli zimeandikwa za nje na ni moja kwa nne.

Fundi Nuru

Basi una bahati, 0.7 yote imebaki kwenye nyaya. Baada ya hapo angalia na viunganishi, vikilegea vinageuka kahawia na vyenyewe ni rezista.

Kiloomu

Na TV je? Naletewa nyingi taa za nyuma zimekufa, nabadilisha mistari ya LED, baada ya muda mteja anarudi nayo.

Dada Elektro

Kiloomu hilo ni tatizo la kila fundi wa TV. Skrini ya LCD yenyewe inapitisha chini ya sehemu 10 kwa 100 ya mwanga wa nyuma, polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) inakula zaidi ya nusu, vichujio vya rangi vinakula theluthi mbili ya kilichobaki, ndio maana watengenezaji wanazisukuma LED za nyuma kwa nguvu ili picha ing'ae dukani. Ukibadilisha mistari badilisha yote kwa pamoja, kisha punguza mkondo wa draiva kwa rezista zile za kupimia, sehemu 20 hadi 30 kwa 100 tu. Mwambie mteja naye apunguze mwanga wa nyuma kwenye menyu, wengi wanauacha 100. Zile karatasi nyeupe za ndani zirudishe kwa mpangilio ule ule, moja inaurudisha mwanga uliokataliwa na polaraiza upate nafasi ya pili, ukiigeuza au kuiacha nje umepoteza mwanga mwingi na utadhani LED mpya ni mbovu. Na draiva ya taa za nyuma inaweza kutoa volti zaidi ya 100, usiweke vidole.

Kiloomu

Hilo la karatasi!! Kuna moja ya pembeni naisafisha bila kuangalia upande ulioelekea juu. Asante sana dada.

Koili_Kubwa

Nimerudi na majibu. Nimeweka LED tatu mfululizo kama alivyosema Fundi, draiva ile ile, koili ile ile, ufanisi umetoka 80 na kidogo hadi 91. Mwanga nimepima kwa simu ndani ya boksi lililofungwa, umbali ule ule. Swali la mwisho, nimefunika na plastiki nyeupe ya maziwa kwa ajili ya macho, mita ya simu imeshuka karibu theluthi. Kuna njia?

Fundi Nuru

91 safi kabisa mkuu, hongera.

Theluthi ni nyingi. Plastiki ya maziwa nene inarudisha mwanga mwingi ndani, na ndani mwako ukiwa na bodi ya kijani au boksi jeusi mwanga huo unamezwa na hauoni tena. Paka ndani rangi nyeupe isiyong'aa, bodi funika na karatasi nyeupe acha matundu ya LED tu, mwanga unaorudi unapigwa tena nje. Kisha isogeze plastiki mbali na LED hata sentimita chache, ukiwa na umbali unaweza kutumia plastiki nyembamba zaidi na bado nukta za LED hazionekani. Anza na rangi nyeupe, pima, halafu ndio ubadilishe plastiki ili ujue kipi kimeleta nini. Ukipata namba zirudishe hapa, na picha ya ndani ya boksi kama inawezekana.